Ngemi Tatu za Ukungu

Jumapili, 5 Oktoba 1997
Mwalimu wa ngumbaru, masomo ya watu wazima, amesema kila mtu aandike kila siku hata kama ni mstari mmoja. Tuandike Kiswahili kwa sababu mtihani ni wa Kiswahili. Mimi ni Kivuti. Nafanya kibarua kwa faktari ya kahawa chini ya Runyenjes. Nageuza kahawa kwa meza mpaka ikauke. Mke wangu Karwirwa alikufa, sasa ni miaka nne. Niko na msichana mmoja, Tabby. Anauza kwa duka Embu town. Basi. Mkono umechoka.

Jumatatu, 6 Oktoba
Jua. Kahawa imeanza kuiva. Kazi.

Jumamosi, 11 Oktoba
Tabby amekuja na watu wawili na mkokoteni umejaa. Nilifikiri amehama. Kumbe ni bendi. Inaitwa Ukungu. Tabby anapiga gitaa na kuimba. Riungu ni kijana wa Meru, mrefu kama nguzo ya stima, anapiga ile gitaa ya nyuzi nne. Ngoma ni za Nelius. Msichana mdogo wa mwili, lakini akizikalia utafikiri ameshika mwizi.

Walikuwa wakifanya mazoezi kwa nyumba ya kupanga huko mtaa wa Majimbo, town. Mwenye nyumba amewafukuza. Wamekuja kwangu kwa sababu mimi sina mwenye nyumba.

Nikauliza, ni nyimbo za kanisa? Tabby akasema hapana. Za harusi? Hapana. "Ni rock, Baba."

"Na hiyo watu wanacheza namna gani?"

Riungu akasema, "Hawachezi, mzee. Wanatikisa kichwa."

Wakafunga spika kwa betri ya gari. Wimbo ulianza pole pole kama mtu anaomba msamaha. Halafu katikati ukapiga kelele kama mtu ameibiwa. Halafu tena msamaha. Halafu tena wizi. Nilingoja uamue, haukuamua.

Jioni ng'ombe alikataa kukamuliwa.

Jumapili, 12 Oktoba
Kanisani Cucu Ednah, yule nyanya jirani yangu wa juu, ameniuliza mbele ya watu, "Baba Tabby, jana ulikuwa unachinja nini?"

Jumanne, 14 Oktoba
Kazi. Mawingu.

Jumamosi, 18 Oktoba
Wamekuja tena. Leo Tabby ameniambia maneno yote.

Iko programu ya televisheni, Jumamosi mchana, inaonyesha nyimbo za vijana. Wanapokea kanda za video mpaka tarehe kumi na mbili Desemba. Januari Riungu anaenda kolegi Kisumu. Kama video haijaonyeshwa, bendi imekwisha, na Tabby ataenda Mombasa kwa shangazi yake kuuza kwa hoteli. Nikasema Mombasa ni mbali. Akasema anajua.

Wanataka kupiga hiyo video kwa faktari, juu ya meza za kahawa, kwa sababu wimbo ni wa kahawa. Anataka mimi nimwombe meneja.

Nikasema niimbieni kwanza, pole pole, bila wizi. Wimbo unaitwa Sijaionja. Tabby akaimba:

Baba ananuka kahawa,
shati lake, kofia yake, maombi yake.
Muulize ladha.
Atakwambia jua ni kali.

Nikasimama. "Unaambia Kenya nzima mimi nanuka?"

"Baba, si kwa ubaya."

"Kunuka ni kunuka."

"Umefanya kazi ya kahawa tangu sijazaliwa. Umewahi kuinywa?"

"Sisi tunakunywa chai."

"Hiyo ndiyo wimbo, Baba."

Nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Nilikata mengi kuliko anaweza kula.

Jumapili, 19 Oktoba
Tabby amerudi town. Hatukuongea.

Jumatatu, 20 Oktoba
Leo ni sikukuu ya Kenyatta lakini kahawa haijui sikukuu. Nikipita na reki meza ya wamama wanaochagua, nikasikia wanaimba. Muulize ladha, muulize ladha. Wameshika wimbo wote kutoka kwa ile kelele ya Jumamosi. Faktari na kwangu ni mto tu katikati.

Mmoja akaniita, "Kivuti, si utuambie, ladha ni gani?"

Nikasema sijui. Wewe je?

Akasema hata yeye hajui. Akauliza wa pili. Wa pili akauliza wa tatu. Meza nzima hakuna mtu alijua. Tulisimama hapo tukiangaliana, mikono ndani ya kahawa. Halafu mmoja akaanza kucheka, na wote tukacheka mpaka Bwana Nyaga, meneja, akatoka ofisini kuuliza nani amekufa.

Nimeshinda na huo wimbo kwa kichwa. Mashine ya kumenya inapiga kama Nelius. Sikuwa nimejua.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mvua imeanza. Si ya kawaida. Redio inaiita El Nino.

Jumamosi, 25 Oktoba
Tabby hakutarajia nimwambie salamu. Nikamwambia salamu. Nikamwambia pia nitaongea na Nyaga, lakini kwanza nataka kuona hiyo kitu inaitwa video ni nini, nisiombe kitu sijui.

Riungu akanipeleka hoteli ya Runyenjes iko na televisheni. Programu ilikuwa ya bendi ya ng'ambo. Wazungu wanne wenye nywele hazijachanwa. Walikuwa juu ya mlima, hakuna nyumba, hakuna nguzo. Wanapiga gitaa ya stima. Niliangalia waya. Waya ilitoka kwa gitaa ikaingia kwa majani, ikaishia hapo.

Nikamwuliza Riungu, "Stima inatoka wapi?"

"Hakuna stima, mzee."

"Sasa sauti?"

"Sauti walirekodi zamani, kwa studio. Hapo wanaigiza tu."

"Kwa hivyo ni uongo."

Akafikiri. "Mzee, ukipigwa picha ya harusi, mpiga picha hakuambii ucheke?"

"Ananiambia."

"Na harusi ni uongo?"

Huyu kijana ana kichwa. Wimbo wa pili, mwimbaji aliingia mtoni na suti mpya. Mwenye hoteli akasema, "Na nani ataosha hiyo?" Hata mimi hiyo ndiyo nilikuwa nafikiria. Wa tatu, walivunja gitaa nzima. Hapo niliinuka nikatoka nje. Riungu akanifuata akaniapia ya Tabby haitavunjwa.

Jumatatu, 27 Oktoba
Nimemwomba Nyaga. Akasema, "Kivuti, hii ni faktari, si disko." Nikamwambia hawachezi, wanatikisa kichwa. Akasema hata kichwa kisitikiswe.

Alhamisi, 30 Oktoba
Mvua. Tunafunika meza na nailoni, tunafunua, tunafunika. Kahawa isipopigwa na jua inaoza. Kengele ya kufunua ikilia unakimbia hata kama uko na chakula mdomoni.

Jumamosi, 1 Novemba
Mvua. Wamekuja wamelowa. Muriithi wa video za harusi amekubali kuwapigia, lakini kila Jumamosi ana harusi mpaka Desemba iishe. Iko moja tu haina, tarehe ishirini na mbili. Tabby ameiandika kwa ukuta na makaa.

Sijamwambia Tabby vile Nyaga alisema. Nimesema bado anafikiria.

Jumapili, 2 Novemba
Nimemwambia. Kudanganya mtoto kunachosha. Akasema, "Basi tutapiga hapa, nyuma ya zizi." Sikupenda vile alisema.

Alhamisi, 6 Novemba
Daraja la chini limeenda na maji. Kazi.

Jumamosi, 8 Novemba
Leo naandika nyingi.

Tabby anataka wimbo uwe na ngemi, vile vigelegele vya wamama mtoto akizaliwa. Anasema katikati, pale kelele inakatika, asikike mama akipiga ngemi. Mimi siwezi, mwanaume hapigi ngemi. Akaenda akamwita Cucu Ednah. Huyu ndiye alipiga ngemi siku Tabby alizaliwa, hapa hapa, mlango huu. Tangu hapo hakuna ngemi imelia kwangu, kwa sababu mimi na Karwirwa hatukupata mwingine.

Cucu Ednah alikaa kwa kiti, akafunga leso, akasikiliza wimbo wote bila kufunga masikio. Halafu akasema, "Ni mtoto gani?"

Tabby akasema, "Hakuna mtoto, Cucu. Ni wimbo."

"Siwezi kupiga ngemi za hewa. Kijana ni tano. Msichana ni tatu. Huyu wenu ni nini?"

Nelius akasema wimbo unahesabiwa nne nne, kwa hivyo zinatakiwa nne.

Cucu akamwangalia kama mtu amemletea chai ya chumvi. "Nne ni ya nani? Tangu nizaliwe sijasikia mtu wa nne. Unataka watu wafikirie mtoto amekuja nusu?"

Wakaanza kubishana. Riungu akasema wapige tano, moja iingie mbele. Nelius akasema itaharibu ngoma. Cucu akasema yeye haharibu kitu, ngoma ndiyo ijipange. Mwishowe Tabby akasema, "Cucu, wimbo umetungwa na msichana. Piga tatu."

"Na hiyo ya nne?" Nelius akauliza.

"Ya nne tunyamaze. Sisi wote."

Wakajaribu. Kelele, kelele, halafu ikakatika. Cucu Ednah akasimama, akainua kidevu. Ya kwanza ilipita juu ya paa. Ya pili ikavuka mto. Ya tatu sijui ilienda wapi. Halafu pale pa nne, kimya, ni mvua tu kwa mabati. Halafu ngoma ikaanguka ndani. Nilisikia nywele za mkono zimesimama. Tabby alikuwa anacheka na machozi. Akasema tena. Wakapiga tena, na tena.

Hakuna mtu alifikiria majirani wanasikia nini. Hata Cucu mwenyewe, na ni mzee.

Kidogo tukaona watu kwa njia. Mama wa kwanza alikuwa na kibuyu cha uji. Wa pili kuni kwa mgongo, amezifunika na gunia. Wa tatu njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi. Wengine nyuma wakija na mvua, wamefunga leso zao nzuri. Walisikia ngemi tatu kutoka kwa boma ya Kivuti. Ngemi tatu ni mtoto msichana. Kivuti hana mke. Kwa hivyo ni Tabby amejifungua.

Mama wa uji akaingia akitabasamu, akatafuta kitanda. Kitandani hapakuwa na mtu. Akaona Tabby amesimama na gitaa. Akamwangalia tumbo. Akaangalia Nelius, tumbo. Akaangalia Riungu.

"Mtoto ako wapi?"

Mimi nilitaka ardhi ifunguke. Nilifikiri sasa watatema mate waende, na jina la msichana wangu limeharibika tarafa nzima.

Cucu Ednah ndiye aliongea. "Ni wimbo umezaliwa. Ni msichana. Wekeni uji chini."

Halafu mama mmoja mzee sana, ameshika bakora, akasema, "Mimi nimepanda mlima huu na magoti haya. Uji wa mzazi haurudi nyumbani. Basi huyo mtoto alie tumsikie."

Wakamliza. Wamama waliketi kwa kuni zao wenyewe. Pale kwa kelele mama wa njahi alishika kichwa. Pale kwa ngemi Cucu alipiga peke yake mara ya kwanza. Mara ya pili walipiga wote. Boma yangu ilijaa. Uji ulinywewa, njahi zikapikwa, hata ng'ombe alikamuliwa na mtu sijui ni nani. Nilikaa kwa mlango nikifikiria Karwirwa. Yeye angecheka mpaka akae chini.

Yule mama wa bakora akaniuliza ni kweli Nyaga amekataa na meza. Nikasema ni kweli. Akasema, "Nyaga nilimzaa na ngemi tano. Nitamwuliza kama nimdai hizo ngemi."

Sikuwa najua ni mamake.

Jumapili, 9 Novemba
Katekista amekuja kuuliza juu ya mtoto. Nimemwonyesha ngoma.

Jumatatu, 10 Novemba
Nyaga hakuniangalia usoni. Akasema, "Ile siku yenu. Waje. Lakini kazi haisimami hata dakika." Halafu akasema, "Na usimlete mama yangu ofisini tena."

Jumamosi, 15 Novemba
Wamerekodi wimbo town, kwa chumba kimoja wameweka magodoro kwa ukuta. Nilimpeleka Cucu Ednah. Alikataa kupigia godoro ngemi. Tabby akasimama mbele ya godoro, Cucu akamwangalia yeye, akapiga mara moja tu. Mwenye mashine akasema turudie kwa usalama. Cucu akasema, "Mtoto hazaliwi mara mbili." Akachukua kiondo chake.

Jumatano, 19 Novemba
Mvua. Mvua. Mvua.

Ijumaa, 21 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Tabby amelala hapa. Anaangalia mabati kama atayasoma.

Jumamosi, 22 Novemba
Asubuhi mvua. Muriithi gari yake ilikwama pale daraja lilienda na maji. Mimi na Riungu tukamwendea kwa miguu. Kamera tuliifunga kwa nailoni ya kahawa tukaiweka ndani ya sufuria, Riungu akaibeba kichwani. Muriithi alikuja nyuma na viatu mkononi, akisema harusi ni kazi ya heshima.

Tukafika. Meza zote zimefunikwa, zimelala kama wagonjwa. Tabby alitaka jua na kahawa nyeupe nyeupe imetandazwa. Bendi ikasimama katikati ya meza na vyombo, waya zimeingia matopeni, haziendi popote. Riungu akaniambia, "Sasa na sisi ni wa kimataifa, mzee."

Tukangoja. Muriithi akasema Jumamosi ijayo ana harusi Siakago, na nyingine Chuka, na nyingine. Saa nane bado mvua. Nelius alikuwa amekalia ngoma na mwavuli. Tabby akaanza kulegeza nyuzi. Akaniambia bila kuniangalia, "Mombasa nasikia hakunyeshi hivi."

Nilisimama tu karibu na yeye, kwa mvua.

Halafu ikakatika. Mara moja, kama mtu amefunga mfereji. Wingu likapasuka juu ya kilima cha Kirimiri na jua likashuka kwa meza zote. Na kengele ikalia.

Sasa kengele ikilia ni kufunua. Nilisahau bendi, nilisahau kamera, miguu ilienda yenyewe. Wote tukakimbia. Nailoni zinainuka moja moja, maji yanamwagika, mvuke unatoka kwa kahawa kama sufuria. Nyuma yangu nikasikia Riungu anamwambia Muriithi, "Weka kaseti! Weka sasa!" na wimbo ukaanza kwa ile spika.

Kwa hivyo walipiga video tukiwa tunafanya kazi. Nyaga alisema kazi isisimame, na haikusimama. Tabby aliimba akitembea katikati ya meza, mvuke mpaka kiuno. Kweli ilikuwa ukungu. Wamama walikuwa wanavuta nailoni na wanaimba muulize ladha. Nelius aligonga mpaka fimbo moja ikaruka kwa kahawa, akaendelea na moja. Cucu Ednah alikuja na leso ya Pasaka, akasimama juu ya kreti, ngemi zikalia tatu.

Pale pa kimya Tabby akanifikia. Alikuwa na kikombe. Muriithi akanisogezea kamera mpaka puani. Tabby alikuwa amepika kahawa kwa termos bila kuniambia. Nikanywa.

Ni chungu. Ni kama dawa ya minyoo na moshi. Nilimeza kwa sababu ya kamera. Halafu uso ukafanya vile ulitaka, na meza zote zikapasuka kwa kicheko, na ngoma ikaanguka ndani.

Tukamaliza wimbo mara tatu. Wingu likarudi, kengele ikalia, tukafunika.

Jumapili, 23 Novemba
Wazungu wanalipia hiyo kitu chungu. Nimefikiria siku nzima. Sielewi.

Jumanne, 2 Desemba
Video imekatwa na kushonwa. Riungu ameibeba kwenda Nairobi ndani ya shati. Barabara ya Makutano imekatika, alishuka akavuka kwa miguu na maji ya mapaja. Mimi nilikuwa nafikiri huyu kijana ni mrefu bure.

Ijumaa, 12 Desemba
Ndiyo siku yao ya mwisho ya kupokea. Hakuna habari. Magari ya siasa yanapita na vipaza sauti. Hata hawa wana kelele, na hawana wimbo.

Jumamosi, 13 Desemba
Tumeenda hoteli kuangalia. Walionyesha wengine. Kijana ameimba juu ya gari ya mtu.

Tabby amefungua sanduku lake leo, akalifunga.

Jumamosi, 20 Desemba
Hoteli ilijaa mpaka kwa dirisha. Nusu ya wamama wa faktari, Cucu Ednah kiti cha mbele, mama Nyaga na bakora. Nyaga mwenyewe nyuma, ati amekuja kununua mkate.

Wimbo wa kwanza si sisi. Wa pili si sisi. Wa tatu tangazo la sabuni. Tabby alikuwa amesimama kwa mlango, hataki kukaa. Nilimwona anataka kutoka.

Halafu yule msichana wa televisheni akasema, "Kutoka Embu, Ukungu."

Nailoni ikainuka, na mvuke.

Hakuna mtu alisikia wimbo. Kila mtu alikuwa anajitafuta. "Huo ni mkono wangu!" "Si wako, ni wangu, angalia bangili!" Mama Nyaga alitaka kujua kwa nini mtoto wake ameonyeshwa mgongo. Ikafika ngemi. Cucu kwa televisheni akapiga tatu, na hoteli yote ikanyamaza pa nne, hata waliokuwa wanagombania mkono. Mwenye hoteli alisimama na birika hewani. Hapo ukaonekana uso wangu, mkubwa kama sinia, nikionja. Sijawahi kuona vile ninafanana na baba yangu.

Ilipoisha Cucu Ednah akamwambia mwenye hoteli, "Rudisha." Akamwambia televisheni hairudi, Cucu. Akasema, "Basi umeshindwa na kitu ndogo."

Tabby alikuja akaketi karibu na mimi. Nikamwambia, "Ile kelele ya katikati. Mngeiongeza kidogo."

Jumatatu, 22 Desemba
Nilikuwa Runyenjes kununua chumvi. Mwanaume simjui, Mmeru kwa sauti, akanishika bega. "Si wewe ndiye mzee wa kikombe?"

Nikasema ndiyo. Na yule wa gitaa ni msichana wangu, mimi ndiye nanuka.

Akaniuliza watapiga wapi tena, na kama watafika kwao Meru wakati wa Pasaka. Nikasema sijui. Nikamwambia Tabby. Akaandika kwa ukuta na makaa: Meru, Pasaka. Shangazi wa Mombasa ameandikiwa hapana.

Jumatano, 31 Desemba
Jua kidogo. Riungu ameaga, anaenda Kisumu wiki ijayo. Amewaachia ile gitaa ya nyuzi nne, amesema akirudi likizo ataipiga. Kabla ya hapo wanatafuta mtu. Wamekaa kwangu wakifikiria majina, hakuna linalofaa.

Nikawaambia msiniangalie mimi. Vidole vyangu ni vya reki.

Wakaniangalia. Nelius akasema nyuzi ni nne tu, mzee, hata si sita. Tabby akaiweka kwa magoti yangu, ati nishike tu.

Nimeishika. Ni nzito kuliko nilivyofikiria. Nimevuta uzi ule mnene na nyumba yote imetetemeka mpaka vikombe. Ng'ombe amenyamaza.

Nimevuta tena.